Baada ya Vyuma Kufungwa Mgongoni

Siku tabibu anapowaarifu jamaa wa mgonjwa kwamba upasuaji wa uti wa mgongo umefaulu, kwamba pingili iliyopondeka imeinuliwa na kushikizwa kwa vyuma na skrubu, na kwamba jeraha limefunga bila usaha, jamaa hao humshukuru Mungu, hulipa kilichobaki katika hesabu ya hospitali, na hutafuta gari la kumrejesha mtu wao nyumbani. Nao hudhani, kwa haki ya watu waliokwisha kukesha majuma mengi juu ya benchi la wodi, kuwa sehemu kubwa ya masaibu imekwisha kupita. Dhana hiyo inasameheka, walakini ina hatari. Upasuaji ni kazi ya saa chache, ilhali maisha yanayoufuata huweza kuwa ya miaka ishirini, thelathini au arobaini, maana wengi wanaovunjika mgongo ni vijana. Na uzuri au uchungu wa miaka hiyo hauamuliwi peke yake katika chumba cha upasuaji cha Muhimbili kule Upanga, bali zaidi katika chumba na sebule cha kupanga huku Segerea.

Segerea imo katika wilaya ya Ilala, mbele ya Tabata kwa mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam, na wengi wasioishi huko huijua kwa gereza lake tu. Mkazi wake huijua kwa jambo jingine: ni mahali panapojengwa bila kupumzika. Kila uchochoro una rundo la mchanga na kokoto, kila nyumba ya tatu imeacha nondo zikichomoza juu ya paa kungojea ghorofa ya siku zijazo, na juu ya mirunda iliyofungwa kwa kamba na misumari husimama vijana waliovaa kandambili, bila mkanda wa usalama na bila kofia ngumu, wakipitishiana ndoo za zege. Chini yao hupita bodaboda zenye abiria wawili wawili, na katika viwanja vichache vilivyobaki na sura ya shamba la zamani kungali na minazi na miembe ambayo mtu huipanda kutafuta riziki au kitoweo. Hizo ndizo njia tatu ambazo mgongo wa mtu wa huku huvunjikia. Kule Kaskazini, Haleluya Moshi, mtaalamu wa fiziotherapia, pamoja na wenzake, walipozipitia kumbukumbu za hospitali ya KCMC za mwaka 2010 hadi 2014 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta kuwa kuanguka ndiko kulikoongoza kwa kuumiza ugwe wa mgongo, ajali za barabarani zikafuata, na wakakadiria kwamba mkoani Kilimanjaro huumia hivyo zaidi ya watu 26 katika kila milioni kwa mwaka mmoja. Kwa ulimwengu mzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2013 kuwa idadi hiyo ni baina ya watu 250,000 na 500,000 kila mwaka.

Inafaa kueleza upasuaji wenyewe hufanya nini, maana matumaini mengi huvunjika baadaye kwa sababu hayakuelezwa mapema. Mgongo umeundwa kwa pingili, na ndani ya pingili hizo hupita ugwe, ambao ndio njia ya amri zitokazo katika ubongo na habari zirudizo kutoka viungoni. Ugwe huo hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo kwenda chini hubaki fungu la mishipa ya fahamu ambayo hustahimili kuumia kuliko ugwe wenyewe. Ndiyo sababu watu wawili huweza kuanguka kutoka mwembe mmoja, mmoja akarejea kutembea na mwenziwe asirejee, kwa tofauti ya upana wa vidole viwili vitatu. Mpasuaji huwa na muradi wa mambo mawili: kuondoa mfupa unaoubana ugwe, na kuukaza mgongo ili mgonjwa aweze kukalishwa na kuanza mazoezi bila kungoja miezi kitandani. Vyuma vile ni nguzo ya kuzuia ukuta usianguke. Haviwezi kuunga waya wa umeme uliokatika ndani ya ukuta huo. Mtu ambaye ugwe wake umekatika kabisa hatatembea kwa sababu ya skrubu, hata zikiwa zimefungwa na mpasuaji hodari kuliko wote.

Nasema haya bila kuwapunguzia mabingwa wetu heshima yao. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo watu wote huiita MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na katika muda usiofika umri wa mtu mmoja imekuwa kimbilio la waliovunjika kutoka kila pembe ya nchi. Madaktari wake, pamoja na wenzao wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York chini ya Roger Härtl, wameendesha mafunzo ya upasuaji wa ubongo na mgongo hapa Dar es Salaam mwaka baada ya mwaka. Kazi ambayo zamani ilimlazimu mwenye uwezo kupanda ndege kwenda India, na asiye na uwezo kulala chali akisubiri ajali yake ijiponye, leo hufanyika hapa hapa. Hilo ni jambo la fahari. Walakini fahari hiyo imetufanya tuhesabu waliopasuliwa na kusahau kuhesabu walioishi vyema baada ya kupasuliwa.

Hata kwa yule ambaye mishipa yake ya fahamu haikuguswa, na ambaye atatoka hospitalini kwa miguu yake, muda mrefu una hukumu yake. Huko Marekani, Kirkham Wood na wenzake waliwachukua wagonjwa 47 waliopondeka pingili za mpaka wa kifua na kiuno, wote wakiwa na mishipa mizima na mifupa iliyotulia, wakawagawa kwa kura: baadhi wapasuliwe, baadhi wavishwe gamba la kuushika mwili na kuachwa wapone wenyewe. Walipowatafuta tena baada ya miaka 16 hadi 22, na kuchapisha habari zao mwaka 2015, waliona kuwa wale ambao hawakupasuliwa ndio waliokuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya kazi zao. Mtu asichukue habari hiyo akamkimbia mpasuaji, kwa kuwa inahusu aina moja tu ya mvunjiko, na uamuzi ni wa bingwa mwenye picha mkononi. Lakini inatufundisha kwamba picha nzuri ya eksirei na maisha mazuri ni vitu viwili, na kwamba cha pili hakionekani mpaka mtu aulizwe baada ya miaka.

Aliyeyatambua haya mapema na kwa ukali kuliko wengi alikuwa Ludwig Guttmann, tabibu Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akahamia Uingereza, na ambaye Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya askari waliopooza katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati ule askari aliyekatika ugwe alihesabiwa kuwa maiti anayengoja siku. Katika vita vilivyotangulia wengi walikuwa wamekufa ndani ya miezi michache, nao hawakuuawa na risasi bali na vidonda vya kulalia na maambukizo ya mkojo. Guttmann hakuleta dawa mpya wala kisu kipya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, naye mwenyewe akizunguka usiku kuhakikisha kuwa amri imefuatwa. Akasimamia usafi wa kibofu kwa mikono yake. Akawaondolea dawa za kuwalewesha wasijijue. Kisha akawatia kazini, wengine useremala, wengine utengenezaji wa saa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwashindanisha watu 16 wa viti mwendo kulenga shabaha kwa mishale, na kutokana na mashindano hayo madogo ndiko ilikotoka Michezo ya Paralimpiki iliyoanza Roma mwaka 1960. Watu hao walirefushiwa umri kwa shuka kavu, maji ya kunywa, mkono wa kuwageuza, na sababu ya kuamka asubuhi. Vitu hivyo vyote vinaweza kupatikana Segerea, na haviletwi kwa meli.

Niliketi uani kwa mama mmoja wa mtaa huo, ambaye mwanawe, fundi wa kupaua, alianguka pamoja na kenchi aliyokuwa akiipandisha, akavunjika pingili za chini ya kifua, akapasuliwa, na akarudi nyumbani asiye na hisia kuanzia kitovuni. Nilipomwamkia akaitika, akasogeza ungo wa mchele pembeni, akanieleza bila kulalamika mwaka wa kwanza ulivyokuwa. "Nesi alinionyesha namna ya kumgeuza siku ile ya kutoka, mwanangu," alisema, "nami akili yangu yote ilikuwa kwenye nauli ya gari." Kijana alilazwa juu ya godoro la sponji lililokwisha kubonyea katikati, na kwa kuwa asiyehisi haumwi, hakuna aliyejua kuwa juu ya mfupa wa mkia ngozi ilikuwa imeiva. Wekundu wa siku mbili uligeuka weusi, weusi ukawa shimo la kuingia kidole gumba, na shimo hilo likachukua miezi mingi kufunga kuliko mfupa uliovunjika. Tangu hapo mama huyo hutega simu yake ya kitochi ilie saa nne ya usiku, saa sita, saa nane na saa kumi, akaamka, akamgeuza mwanawe ubavu hadi ubavu, akapitisha kiganja visiginoni na nyongani kutafuta joto, akaweka kanga iliyokunjwa baina ya magoti, akalala tena. Adhana ya alfajiri humkuta amekwisha kuamka mara nne. Yeye ni mtu wa umri wa bibi, na hakuna jalada lolote la hospitali lililoandikwa habari za siha yake.

Jambo la pili lilikuwa mkojo. Kwa mtu aliyekatika ugwe kibofu hakitoi habari kuwa kimejaa, na kikijaa kupita kiasi mkojo hurejea juu na kuziharibu figo polepole. Kwa hiyo mtu huwekewa mpira wa kudumu, au hufundishwa kujipitishia mpira safi mwenyewe mara nne au zaidi kwa siku, njia ambayo wataalamu huipendelea kwa kuwa maambukizo yake ni machache. Njia hiyo hudai maji safi, sabuni, mpira, na mahali pa sitara. Fauka ya hayo, aliyevunjika katika pingili ya sita ya kifua au juu yake ana hatari ambayo kila jamaa yapasa aijue: mpira ukiziba au choo kikikaza, shinikizo la damu hupanda ghafla, kichwa kikagonga kwa nguvu na jasho likamtoka usoni, hapo mtu hukalishwa wima mara moja, mpira ukatazamwa kama umejikunja au umeziba, nguo za kubana zikalegezwa, na yasipotulia hima akakimbizwa hospitali. Mama yule hakuwa na haja ya kuihofia hatari hiyo kwa mwanawe, lakini jirani yake wa barabara ya pili alikuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumwambia.

La tatu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, lilikuwa choo. Choo cha uani kilikuwa na kizingiti cha kimo cha shubiri moja na mlango wa bati usiopitisha kiti mwendo, basi mwanamume wa miaka ishirini na kitu akawa anaogeshwa na mamaye katika beseni, chumbani, pazia likiwa limeshushwa. Alikataa kula mchana ili asije akahitaji haja mbele ya wageni. Alikonda, akanyamaza, akaacha kupokea simu. Mambo hayo yalibadilika Jumapili moja, pale mafundi wenzake walipokuja na mifuko ya saruji iliyobaki kazini, kwa idhini ya mwenye nyumba, wakavunja kizingiti, wakapanua mlango kwa tofali moja kila upande, wakamwaga mteremko wa zege kutoka mlango wa chumba hadi chooni na mwingine kutoka barazani hadi njiani, wakapigilia bomba la chuma ukutani la kujishikia. Ilikuwa kazi ya siku moja. Tangu wiki ile kijana anaoga peke yake. Na asubuhi huketi juu ya mteremko ule, kikokotoo mkononi, akiwapigia mafundi wa jirani hesabu za mbao, misumari na mabati, kwa ujira, maana jicho lake la kupima paa halikuvunjika. Kila nusu saa hujiinua kwa mikono juu ya kiti, akahesabu polepole, akajishusha, ili damu ipate kupita katika nyama alizozikalia.

Lakini mteremko wake unaishia njiani, na njia ni mchanga. Kiti mwendo cha hospitali, chenye magurudumu madogo ya mbele, hudidimia humo. Kinachofaa ni kile cha magurudumu matatu, chenye gurudumu la mbele lililotangulizwa, cha aina iliyosanifiwa na shirika la Motivation la Uingereza, ambalo mwasisi wake mmoja, David Constantine, mwenyewe alipooza baada ya kupiga mbizi. Viti vya namna hiyo havihitaji kutoka ng'ambo: chuo cha TATCOT kilicho KCMC, Moshi, kimewafundisha mafundi wa viti mwendo wa Kiafrika kwa miaka mingi. Safari ya kliniki ni mateso mengine. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, yana vituo vilivyolingana na sakafu ya gari, na mtu wa kiti huingia kwa heshima yake. Daladala ya Segerea ina ngazi, ina haraka, na ina konda anayeuliza kiti kitakaa wapi. Basi hukodiwa bajaji au teksi, na kila safari ya kliniki hula fedha ya chakula cha siku kadhaa, hata mtu huahirisha mara moja, mara mbili, kisha huacha.

Yawezekana msomaji akauliza: je, ubora wa maisha unaweza kupimwa, au ni maneno ya kufariji tu? Hupimwa, na jiji hili lina historia katika kuupima. Mwaka 1999 Kaspar Wyss, Anita Wagner na wenzao walichapisha uhakiki wa hojaji ya afya yenye maswali 36, iliyotiwa katika Kiswahili na kujaribiwa kwa maelfu ya watu wazima wa Dar es Salaam, ikiwauliza habari za nguvu zao, maumivu, huzuni, na urafiki wao na watu. Chombo tunacho, tena katika lugha yetu. Ningependa kila aliyefungwa vyuma mgongoni aulizwe maswali ya namna hiyo baada ya mwaka mmoja, mitano na kumi, kwa simu ikibidi. Na kando yake aulizwe ya hapa kwetu: je, unaingia chooni peke yako? Nani hukugeuza, naye hulala saa ngapi? Mara ya mwisho kwenda msikitini au kanisani, harusini au mazikoni, ilikuwa lini? Watakaouliza wajiandae kusikia wasiyoyatarajia. Gary Albrecht na Patrick Devlieger, waliowahoji Marekani watu wenye ulemavu mzito, waliandika mwaka 1999 kwamba zaidi ya nusu yao walisema maisha yao ni mazuri, au mazuri sana. Huruma yetu sisi wazima, inayomwona aliyepooza kuwa mtu aliyekwisha, mara nyingi ndiyo inayomnyima kazi, mume au mke, na kiti barazani. Wanawake waliopooza hushika mimba na kuzaa. Wanaume wengi husaidiwa na matabibu kuendelea na unyumba. Lakini mambo hayo hayasemwi wodini kwa haya, na ndoa changa huvunjika kwa kukosa mtu wa kuyasema.

Kuhusu fedha, sheria zetu zina fungu lililojaa na fungu tupu. Mwajiriwa wa kampuni iliyosajiliwa akiumia kazini hulindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Saidia fundi aliyeokotwa asubuhi kijiweni, na dereva wa bodaboda ya mkataba, aghalabu hawajulikani na mfuko huo, nao ndio wanaoanguka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka haki ya kufika mahali pa umma, na halmashauri hutenga asilimia mbili ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu; lakini mikopo hiyo hupewa zaidi vikundi, na mtu asiyeweza kuvuka mchanga wa mtaa wake atakutana na kikundi wapi? Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, haina budi kuhesabu mipira ya mkojo, mto wa kiti na safari za fiziotherapia kuwa matibabu kamili, sawa na skrubu. Jirani zetu wa Kenya walifikia mahali pa kuliona hilo kwa uchungu mwaka 2012, pale Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza kwa risasi ya majambazi, alipoanza safari ya kiti mwendo kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, ili kuchangisha shilingi milioni 250 za Kenya za kujenga kituo cha utengamao wa watu waliovunjika mgongo.

Sisi tuna njia fupi zaidi ya kuanzia. Mnamo Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafundisha na kuwaweka mitaani watu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hawa watapita milangoni wakipima watoto na kuuliza habari za wajawazito. Basi waongezewe somo moja, na hospitali iwapelekee jina la kila anayerejea mtaani kwao na vyuma mgongoni, kabla gari lake halijaondoka Upanga. Somo lenyewe liwe la kumgeuza mgonjwa, la kutazama mgongo, nyonga na visigino kwa kioo kidogo cha mkono, la kuutambua mkojo uliochafuka, la kupima mlango wa choo kwa futi. Nao waanze mwezi wa kwanza, kwa kuwa ndio mwezi ambao jamaa wangali wanadhani kazi imekwisha.